Mkuu wa mkoa aliyetuamulia mgogoro wa njia kahamishwa. Kauli yake bado ina nguvu?

Kisima cha Juu (mleta uzi)
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi umekata. Niko huku kwenye migomba, kati ya Arusha na Moshi, mkoa wenyewe naomba nisiutaje. Tuna njia ya kuteremka mferejini, upana hatua nne, imetumika tangu enzi za babu. Jirani kaifunga kwa seng'enge. Mkuu wa mkoa alipokuja kusikiliza kero nikaeleza, naye akatamka kwenye kipaza sauti, mkutano mzima ukisikia: njia ifunguliwe. Hata wiki tatu hazijaisha, Ikulu imetangaza uteuzi, kapelekwa mkoa mwingine. Mpya bado hajaripoti. Je, kauli ya aliyeondoka inamfunga anayekuja? Nimsubiri au niendelee?

Mwalimu wa Uraia
Pole ndugu. Anza na Ibara ya 61 ya Katiba. Mkuu wa mkoa wa Bara anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Hana muhula kama mbunge. Anaweza kuhamishwa siku yoyote. Kazi yake ni kusimamia utekelezaji wa shughuli zote za Serikali mkoani. Mtu anaondoka, ofisi inabaki. Ila ofisi inarithi kilichoandikwa. Kilichosemwa kwenye kipaza sauti kikaishia hapo, mrithi hana pa kukikuta.

Masijala
Mwalimu kasema vizuri, niongeze utaratibu wenyewe, maana watu wengi hawaujui.

Mteule anaapishwa kwanza, ndipo yanafuata makabidhiano ya ofisi. Anayeondoka anaandaa taarifa ya makabidhiano: hali ya ulinzi na usalama, miradi na hatua ilipofika, migogoro ya ardhi, maagizo ambayo hayajatekelezwa. Wanasaini wote wawili, kila mmoja anabaki na nakala. Katikati hapo, kiti kikiwa wazi, mara nyingi anakaimu mkuu wa wilaya mmojawapo wa mkoa huohuo. Katibu Tawala wa Mkoa hahami kwa sababu tu mkuu wa mkoa kahama. Yeye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za umma, wa Sekretarieti ya Mkoa, na majalada yako chini yake.

Kwa hiyo swali lako lisiwe "mpya atakubali?" Jiulize kama jambo lako lina jalada. Siku ya kero huwa kuna meza ya kuandikisha, mtu na kaunta buku. Uliandikwa? Ulipewa namba? Kama hujui, fanya hivi kesho. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Weka cheo, jina la mtu usiweke, kwa sababu barua yenye jina la aliyehama inaweza kuzunguka miezi bila wa kuijibu. Kwenye YAH taja kijiji, kata na tarehe ya mkutano. Omba muhtasari wa kero yako na agizo lililotolewa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri huo ukiambiwa haikufika huna cha kujibu.

Sanawari
Tatizo hili lina mizizi mirefu. Enzi za Mwingereza Arusha ilikuwa makao ya Jimbo la Kaskazini, na Moshi ikiwa ndani yake, chini ya mkuu wa jimbo aliyeteuliwa. Baada ya Uhuru majimbo yakawa mikoa. Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, karibu kila kitu kikaamuliwa mkoani. Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982 zikarudisha serikali za mitaa, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ikaupa mkoa kazi ya kusimamia na kusaidia. Lakini wananchi wengi bado wanamwona mkuu wa mkoa kwa macho ya 1972. Kenya wao walikuwa na wakuu wa majimbo 8 wa kuteuliwa, tangu 2013 wana magavana 47 wa kuchaguliwa. Sisi lini?

Ndizi Mshale
Sanawari, hilo lifungulie uzi wake. Mleta uzi, nina swali. Umesema "niendelee". Uendelee na nini? Na kabla ya mkuu wa mkoa, jambo hili lilipita baraza lolote?

Kisima cha Juu
Lilipita ngazi za kawaida, hayo si ya muhimu sana. Mimi nauliza kuhusu kauli ya mkuu wa mkoa.

Ndizi Mshale
Ni ya muhimu kuliko yote uliyoandika. Lilipita wapi, na nani alishinda?

Kisima cha Juu
Sawa. Kata walishindwa kutusuluhisha. Tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likampa jirani haki. Leo ni siku ya 36 tangu hukumu. Sikukata rufaa kwa sababu mkuu wa mkoa ni mkubwa kuliko baraza, na alishasema. Fundi nimeshamlipa nusu, seng'enge inakatwa Jumamosi. Msinilaumu, ng'ombe hawawezi kusubiri uteuzi.

Rufaa Kwanza
Simamisha fundi usiku huu. Mkuu wa mkoa si ngazi ya rufaa. Anaweza kuagiza wataalamu wa ardhi wapime, anaweza kuwakalisha mkapatane. Kutengua hukumu hawezi, yule wa zamani wala huyu mpya. Ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho ya utoaji haki. Ukikata seng'enge ya mtu aliyeshinda kesi unajiingiza kwenye jinai ya kuharibu mali. Na kifungu cha 7 cha ile sheria ya 1997 kinampa mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Usije ukawa wa kwanza kukutana nacho.

Rufaa kutoka baraza la wilaya inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu uamuzi.

Kijenge Juu
Samahani, mimi naona hii ni chai. Leo Jumatatu. Rudi nyuma siku 36, unaangukia Jumapili. Baraza gani linasoma hukumu Jumapili? Halafu mwanzo wiki tatu, sasa siku 36. Mkoa hautajwi, mkuu wa mkoa hatajwi. Watu wanaandika kwa moyo kumsaidia mtu ambaye huenda hayupo.

Kisima cha Juu
Kijenge, umeniumiza, ila nimeenda kuangalia karatasi. Wiki tatu ni tangu mkutano wa kero, hukumu ilitangulia. Ilisomwa Jumatatu saa tano asubuhi. Mimi niliihesabu siku hiyohiyo kuwa ya kwanza. Mkoa sitaji kwa sababu jirani ni mtoto wa baba mkubwa, na yumo humu jukwaani.

Kijenge Juu
Kama ni hivyo nimekosea, naomba radhi. Hesabu yako sasa inakaa.

Rufaa Kwanza
Na kosa hilo limekusaidia. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo leo ni ya 35. Ya 45 ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nakala ya hukumu na ya dikrii, yaani hati ya amri inayotokana na hukumu, unazo? Uliziomba kwa barua?

Kisima cha Juu
Hukumu ninayo, dikrii sina. Niliomba kwa mdomo.

Rufaa Kwanza
Basi kesho asubuhi, kabla ya kwenda mkoani, pitia barazani na barua ya kuomba dikrii, igongwe muhuri. Sheria ya Ukomo, ile ya muda wa kufungua mashauri, inaruhusu kuondoa siku za kusubiri nakala, lakini usiziegemee, kwa sababu kwa mdomo huna ushahidi wa lini uliomba. Tafuta wakili, hata wa msaada wa kisheria, Jumatano awe na karatasi zote. Mwambie aombe na zuio la utekelezaji, maana rufaa peke yake haizuii jirani kukazia hukumu.

Masijala
Na ile barua ya Katibu Tawala iandike bado, ila ibadilishe. Usiombe agizo litekelezwe. Eleza kwamba kuna hukumu, kwamba unakata rufaa, na omba ofisi iwakutanishe juu ya maji wakati kesi inaendelea. Ulizia pia kama mfereji huo una kibali na jumuiya ya watumia maji. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapa Moshi. Mpya akikabidhiwa, akute jalada lenye ukweli wote. Akija kugundua hukumu kupitia kwa jirani yako, hatakusikiliza tena.

Kisima cha Juu
Nimempigia fundi. Kasema nusu hiyo harudishi. Basi. Kesho saa moja na nusu nitakuwa mlangoni pa baraza. Kwenye barua ya dikrii naandika namba ya shauri tu, au na majina ya pande zote mbili?

Rufaa Kwanza
Vyote, na tarehe ya hukumu.