Tubaki na lugha ya programu ya PHP au tuhamie ya Python, na nani aamue?

Kijana wa Uyole: Jamani ile programu ya daftari la vikoba tunayojitolea imekwama miezi miwili sasa, nusu wanataka tuiandike upya kwa Python, nusu wanasema PHP inatosha, na akina mama wa Mwanjelwa wao wanauliza tu mbona faini ya kuchelewa inakatwa mara mbili. Mi naona tupige kura tumalize.

Makambako Stendi: Kura za nini, anayeandika kodi ndo aamue. (Kodi ya programu, sio ya TRA, tulieni.)

Dada Tukuyu: Kwa hiyo sisi tuliotafsiri menyu zote ni wapambe? Halafu kura nazo haziponyi. Debian, wale wa mfumo huria wa kompyuta, 2014 kamati yao ilifungana nne kwa nne kuhusu systemd, programu ya kuwasha mfumo, mwenyekiti akaamua kwa kura yake ya kuvunja sare, waliokasirika wakatoka wakaanzisha mfumo wao, Devuan. Sisi tupo saba!

Makambako Stendi: Ndo maana nasema awepo mkubwa mmoja. Python si ilikuwa na yule Guido aliyeianzisha miaka yote?

Dada Tukuyu: Na 2018 akachoka kubishana juu ya kialama hiki := akang'atuka mwenyewe, sasa ina baraza la watu watano. Kialama tu.

Kyela Mchele: Tatizo sio kura wala baraza, msimamizi wetu wa Makete saa mbili usiku keshalala kwa baridi, marekebisho ya watu yanaozea hapo.

Wa Makete: Wee koma. Juzi saa nane usiku nilikuwa macho, blanketi mbili, jiko la mkaa chini ya meza, natafuta hiyo hiyo faini yenu.

Dada Tukuyu: Jiko la mkaa NDANI? Ulifungua dirisha?

Wa Makete: Makete dirisha nifungue mwezi wa saba?

Kyela Mchele: Utakufa na ule moshi usioonekana kaka, hatutanii.

Makambako Stendi: Bibi yangu Njombe kaota mkaa ndani miaka sitini mbona mzima.

Dada Tukuyu: Jiko la bibi lilikuwa nyumba ya nyasi inayopitisha hewa, wewe una bati na silingibodi!

Kijana wa Uyole: Samahani, na faini?

Wa Makete: Mstari mmoja tu, hesabu ya faini ilikuwa inaitwa ndani ya kitanzi (sehemu ya kodi inayojirudia) na nje tena. Nimeshautoa kwenye kompyuta yangu, sijapandisha marekebisho kwenye programu yetu, nasubiri mkubaliane lugha.

Kijana wa Uyole: Pandisha bwana!

Makambako Stendi: Kwa kura ya nani?