Kufuta besilaini za zamani SCCM: PowerShell, konsoli, au niziache tu?

MchangaWaPwani: Wakuu salama? Bosi kasema mpaka Ijumaa besilaini zote (zile orodha za mipangilio ambayo mashine inapimwa nayo) za Windows 7 na Windows 10 ziondoke kwenye SCCM, ile programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za ofisi, orodha imekuwa ndefu kama foleni ya Luku. Nimeona kuna komandi ya PowerShell, Remove-CMBaseline, mwingine ananiambia nifute kwa mkono kwenye konsoli, na jamaa yangu anasema usifute, iondoe tu kwenye kolekisheni (kundi la mashine inakotumwa). Ipi bora?

KabatiLaSeva: Mkuu hujasema kitu hapo. Zimesambazwa kwenye kolekisheni au zimekaa tu? Zinaripoti tu au zinajirekebishia mipangilio zenyewe? Na zipo ngapi? Kama ni tano piga kwa mkono umalize ukanywe chai.

BiSkripti: PowerShell, hakuna mjadala. Fungua konsoli, ile menyu ya juu kushoto chagua Connect via Windows PowerShell, inakupeleka kwenye drive ya saiti yako moja kwa moja, maana wengi wanafungua PowerShell ya kawaida wanaambiwa komandi haijulikani wanaanza kulaumu Microsoft. Vuta orodha kwanza:

`Get-CMBaseline -Fast | Select LocalizedDisplayName, DateLastModified`

Chukua bakapu kwa Export-CMBaseline, unapata faili la .cab. Ndo ufute kwa jina moja moja, na ya kwanza kabisa weka -WhatIf uone ingefuta nini.

KabatiLaSeva: Ongezea hapo dada, ile .cab haibebi usambazaji. Ukirudisha besilaini unaipata, lakini ilikuwa inaenda kolekisheni gani utajijua. Andika pembeni.

MzeeWaKonsoli: Nyie vijana na PowerShell yenu. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi aliletwa mtaalamu wa mkataba, Ijumaa jioni kaandika Get-CMBaseline -Name "Win*" kaipeleka kwenye Remove-CMBaseline na -Force juu, yaani haikumuuliza hata "una uhakika?". Kumbe besilaini za seva nazo tuliziita WinSrv nini na nini, zote zikaenda. Hakuna aliyeshtuka, kompyuta hazipigi kelele. Sasa moja ya zile ilikuwa inazuia flashi, inaweka Start kuwa 4 kwenye USBSTOR ndani ya rejistri. Mashine za zamani ziliendelea kukataa flashi vilevile kwa sababu kufuta besilaini hakurudishi ilichokwisha kuandika, ila kila mashine iliyopigwa Windows upya baada ya hapo inapokea flashi kama kawaida. Ghorofa ya pili wanakopi, ya tatu wamezuiwa, kila siku simu kwa dawati la msaada, mmoja anataka afunguliwe kama mwenzake. Tumehangaika na antivairasi wee, na group policy (sera za Windows za mtandao mzima) wee, mpaka mkaguzi alipoomba ripoti ikatoka nyeupe ndo tukajua. Mimi nafuta kwa mausi, naona ninachokigusa.

BiSkripti: Mzee pole ila hilo ni kosa la ile nyota (*) inayokamata kila jina linaloanza na Win, na -Force, PowerShell haina dhambi hapo. Kwa mausi pia mtu anachagua zote anapiga Delete.

MzeeWaKonsoli: Ukichagua zote unaziona zimebadilika rangi mama.

Kijana_Ansible: Hamieni Linux mpumzike 😂

KabatiLaSeva: Wee nawe, ukifuta playbook (faili la maagizo la Ansible yako) mashine zinajirudisha zenyewe? Ugonjwa ni uleule. Mwenye mada, kama kuna inayojirekebishia, tengeneza nyingine ya kurudisha hali unayotaka (kwa hiyo ya flashi ni Start 3), iache mashine ziichukue, sera inavutwa kila dakika 60 kama hamjabadilisha ila laptopu iliyo kabatini haitaichukua mpaka iwashwe. Ndo ufute.

Mdau_Intune: Kwani bado mnatumia SCCM mwaka huu? Intune, nayo ya Microsoft ya kusimamia mashine, yote iko mawinguni.

MzeeWaKonsoli: Leseni utalipa wewe? Na intaneti ya tawi la wilayani utaivuta kwa kamba?

MchangaWaPwani: Asanteni wakuu. Zipo kama arobaini hivi, nyingi hazijasambazwa, ila moja ni ya flashi kama ya mzee 😅 Na za Windows 10 kuna mashine bado zinatumia, sapoti imeisha Oktoba 2025 lakini zipo. Halafu ndani ya besilaini kuna vile vipengele (mpangilio mmoja mmoja), navyo vinafutika?

BiSkripti: Vinabaki. Hivyo ni Remove-CMConfigurationItem, na lazima besilaini itangulie, kipengele kinachotumika hakikubali kufutwa. Za Windows 10 usiguse kama mashine zipo, mwambie bosi.

MchangaWaPwani: Dada nimejaribu sasa hivi na -WhatIf, ikaorodhesha vizuri. Nikaondoa -WhatIf nifute kweli ile isiyosambazwa, inasema sina ruhusa. Akaunti yangu wameipa Read-only Analyst, yaani kuangalia tu.

KabatiLaSeva: Sasa bosi alitaka ufute kwa kutumia nini, dua? Omba ruhusa ya Compliance Settings Manager, sio Full Administrator tafadhali.

MchangaWaPwani: Anayetoa ruhusa yuko likizo mpaka Jumatatu.

Kijana_Ansible: Jumatatu kwani si ni baada ya Ijumaa 😂