ATI "ZIPUMUE"! Yule fundi wenu mnayemsifu amenimaliza leo

Ami wa Datsun (mwenye uzi):

Wenye raha zao salaam aleykum. Wasio na raha kama mie, tukutane hapa hapa.

Jina sitaji. Mnamjua. Nusu yenu mumeshampelekea gari mukarudi nyumbani kwa tuktuk. Yule wa Majengo, mwenye ovaroli iliyokuwa buluu enzi hizo, mwenye mashine ya kukereza na mdomo mrefu kuliko mashine yenyewe. Huyo huyo. Leo saa tisa alasiri, mbele ya watu, amenitia kisu kisha akanidai 4,500.

Kwanza mujue nilimpelekea nini. Kabureta tatu, vile vyombo vya kuchanganya petroli na hewa. Si za bodaboda. Mikuni-Solex 44, makoo (njia za hewa) mawili kila moja, tatu kwa injini moja, yaani kila silinda ina koo lake, sita kwa sita. Gari yenyewe ilitoka kiwandani na mbili za Hitachi, na watu wa mbio huzitoa wakafunga hizi tatu. Injini ni L24 ya Datsun 240Z, gari ya marehemu ami yangu. Ami hakuwahi kushinda Safari Rally, msinianze, lakini vumbi la Taru alilila sawasawa na hao walioshinda.

Kabureta zenyewe alishaziuza zamani, alipokuwa na shida. Basi nimezitafuta miaka 4. Ya kwanza niliikuta Changamwe kwa watu wa vyuma kuukuu, imeshapanda mizani pamoja na sufuria zilizotoboka, inauzwa kwa kilo kama alumini yoyote. Ya pili ilikuwa Voi, ndani ya banda la kuku, na tetea anaatamia mayai ubavuni mwake. Mwenye banda akakataa katakata kuku wake asumbuliwe. Nikarudi Mombasa, nikangoja vifaranga watoke, nikaenda tena. Wallahi nimesubiri vifaranga kwa ajili ya kabureta! Ya tatu imetoka Tanga kwa basi, imefungwa ndani ya kanga, na pale Lunga Lunga askari akaifungua akauliza kama ni kifaa cha hospitali.

Halafu kuzifufua. Hewa yetu hii ya chumvi mnaijua, alumini ikikaa inaota unga mweupe kama mkate ulioingia kuvu. Nikaziroweka kwenye dizeli siku tatu, nikazisugua kwa mswaki (mke wangu mpaka leo yuwautafuta mswaki wake, naomba yabaki humu humu). Vipepeo (visahani vya kufungua na kufunga hewa) vya ile ya Voi viliganda kabisa. Sikupiga nyundo. Nikaitia kwenye sufuria ya maji ya moto, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma, na baada ya dakika kumi shafti inayovibeba ikazunguka yenyewe kwa kidole kimoja. Ile siku nilikaa jikoni nikafungua na kufunga, nafungua na kufunga, mpaka watoto wakaogopa.

Kilichobaki ni kimoja tu. Shafti zimelika, zinavuta hewa ya wizi pembeni, na injini ya namna hiyo haitulii gari ikisimama. Zataka bushi mpya, vile vipete shafti inamozungukia. Bushi ni kazi ya mashine, na mashine sina. Ndipo nikaenda kwa huyo bwana. Nikamwambia mara tatu. Bushi. Bushi tu. Jeti usiguse.

Leo naenda kuchukua. Nimemkuta yuwatafuna viazi karai, ukwaju wamtiririka kidevuni. Akanipa kipande cha gazeti kimekunjwa. Nafungua, jeti zangu sita zimo humo, zang'aa kama meno ya bandia. Akaniambia, na kiazi kimo mdomoni: "Mzee, hizi tundu zake zilikuwa ndogo mno. Nimekupanulia, zipumue."

ZIPUMUE.

Kwa wasiojua: jeti ni kijiti cha shaba nyeupe chenye tundu katikati, na namba iliyogongwa juu yake ndiyo kipimo. Zangu ni 135, yaani milimita 1.35. Si 1.3, si 1.4. Yeye amepitisha biti ya milimita 2. Piga hesabu ya duara, petroli itakayopita ni zaidi ya mara mbili! Hiyo gari nikiiwasha, moshi mweusi utaonekana Zanzibar na plagi zote sita zitakuwa makaa ya kuchomea mishikaki. Na namba 135 bado ipo juu ya kila jeti. Imebaki pale yasema uongo.

Ati zipumue. Jeti haina mapafu wewe!

---

Kijana wa Probox:
Pole mzee. Swali dogo tu, gari yenyewe inatembea?

Ami wa Datsun:
Iko juu ya mawe kwa sasa. Hilo si suala.

Kijana wa Probox:
Tangu lini?

Ami wa Datsun:
2011. SI SUALA.

Kijana wa Probox:
😂😂 Basi mwacheni fundi wa watu. Gari imekaa miaka yote hiyo bila kupumua, yeye ameona aibu akaisaidia.

Spana Kumi:
Mie simcheki huyu mzee. Huyo bwana nilimpelekea kichwa cha injini kimepinda kidogo, nikamwambia akikwangue kidogo tu. Kimerudi chembamba kama chapati ya maji. Nikafunga, nikawasha, valvu zikasalimiana na pistoni. Nilipomrudia akaniambia "sasa kompresheni imepanda, wapaswa kunishukuru." Kompresheni ipi, na valvu nne zimejikunja kama ndoana?

Ami wa Datsun:
Umeona! Na kwako pia alikuwa yuwala?

Spana Kumi:
Mhogo wa kukaanga.

Nahodha Mstaafu:
Mwenye uzi, makosa ni yako. Jeti zilikuwa zafanya nini ndani ya kabureta? Mtu akipeleka koti kwa dobi hutoa pesa mfukoni kwanza. Jeti hufunguliwa nyumbani, zikatiwa kwenye kibiriti, kibiriti kikafungiwa kabatini. Wewe umempa fisi bucha aliangalie, sasa walia nini?

Ami wa Datsun:
Nahodha, nilimwambia MARA TATU.

Nahodha Mstaafu:
Hata fisi huambiwa.

404 Haifi:
Haya yote ni adhabu ya kupenda Datsun. Ungechukua Peugeot 404 ungekuwa na kabureta moja, koo moja, na fundi yeyote hata kipofu aitengeneza. Safari ya 1963 na ya 1968 matope yalikuwa ya kumeza gari, kila mwaka zikamaliza 7 peke yake. Na mara zote mbili mshindi ni nani? 404. Nowicki. Nenda kaulize.

Ami wa Datsun:
Naona umeruka 1971. 240Z, Herrmann. Na 1973 je? 240Z, Shekhar Mehta. Uzi huu si wa Peugeot, tafadhali. Mtu amenitobolea jeti.

404 Haifi:
1973 alishinda kwa pointi sawa na mwenzake! Hata huo si ushindi, ni sare.

Ami wa Datsun:
Mwenzake naye alikuwa ndani ya Datsun!!! Yaani Datsun ilikosa wa kushindana naye ikashindana na nafsi yake. Kaa chini.

Spana Kumi:
😂 Hapo 404 umepigwa tobo la milimita 2.

404 Haifi:
Na Joginder alishinda na nini 1965? Volvo. Si Datsun. Ahsante.

Kijana wa Probox:
Kwani Probox imeshinda mwaka gani?

Nahodha Mstaafu:
Probox hushinda kila siku barabara ya Malindi, asubuhi na jioni, na abiria tisa ndani.

Ami wa Datsun:
Jamani turudi. Mwajua kilichoniuma si hata tundu. Ni ile "nimekupanulia". Kama mtu aliyenifanyia hisani! Vijana wake wote wakaacha kazi wanitazame niseme ahsante. Na kiazi kile hakukimeza, mpaka naondoka kilikuwa bado kimo shavuni. Nimelipa ile 4,500 kwa sababu mikono ilikuwa yatetemeka, nikaogopa nikikaa nitashika spana.

Kijana wa Probox:
Ulilipa?? 😂😂😂 Mzee umelipa kupumuliwa.

Mama Wawili Bondeni:
Ami pole sana. Mie si mtu wa magari lakini marehemu mume wangu alikuwa na pikipiki ya zamani, na kijana mmoja akaichokoa jeti kwa waya wa baiskeli mpaka tundu likaharibika. Hakununua nyingine, hazikuwepo. Alimpelekea sonara wa Mji wa Kale. Sonara akaliziba lile tundu kwa lehemu, akalitoboa upya kwa vile vibiti vyembamba vya kazi zao, kwa mkono, taratibu, pikipiki ikawaka siku ile ile. Sonara na shaba wajuana hao.

Ami wa Datsun:
Mama Wawili, ngoja nikae. Aziba kwa lehemu halafu yuwatoboa upya? Na biti ya 1.35 anayo?

Mama Wawili Bondeni:
Ana kikopo cha dawa ya kikohozi kimejaa vibiti, vyengine vyembamba kama unywele. Peleka na ile namba yako umwandikie.

Nahodha Mstaafu:
Ni kweli hiyo, mabaharia wa zamani walifanya. Ila lehemu iingie safi, jeti ioshwe kwanza mafuta yote yatoke, sivyo itadondoka ndani ya kabureta na hapo utafungua uzi mwengine.

Spana Kumi:
Na umsimamie, mzee. Usiondoke. Nenda na kiti chako.

Ami wa Datsun:
Mungu awape heri. Kesho asubuhi niko mlangoni kwake. Mama, ni sonara yupi?

Mama Wawili Bondeni:
Yule wa kichochoro cha juu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kwa shaba ni hodari, sina neno. Lakini dhahabu usimpelekee! Nilimpa bangili sita azing'arishe kwa harusi ya mdogo wangu. Kwenda zilikuwa na uzito wa tola 5, kurudi tola 4 na kitu. Sita zimerudi sita, hesabu haina kasoro, lakini mkononi zilikuwa nyepesi kama za plastiki. Nikamuuliza, akaniambia "uchafu ulikuwa mwingi." Uchafu wa karibu tola nzima? Kwani bangili nilikuwa nalimia?

Dada wa Kuze:
Mwenye miwani ya kamba!!! Huyo ana mkufu wangu tangu Ramadhani ILE, si hii. Kila nikienda "kesho inshallah". Siku hizi akiniona tu kwa mbali yuwasimama kuswali. Saa nne asubuhi swala gani?

Kijana wa Probox:
Afadhali sonara. Mimi fundi cherehani alinishonea kanzu ya Idi, kola ikawa ya mtoto wa chuo na mikono ya mtu wa mpira wa kikapu. Nimeswali mikono nimeikunja kama muosha vyombo.

404 Haifi:
Cherehani za zamani zilikuwa bora, mafundi ndio wameharibika. Kama Peugeot.

Dada wa Kuze:
404 naomba usiniingilie, tuko kwenye dhahabu. Mama Wawili, zile bangili ulizipima wapi? Kwa mizani ya mwengine au yake?

Mama Wawili Bondeni:
Kwenda nilizipima kwa jirani yake, kurudi kwa jirani yake. Yake siitazami hata ikisimama wima.

Nahodha Mstaafu:
Mizani ya sonara na bahari ya Kusi, usiziamini zote mbili zikitulia.

Ami wa Datsun:
Samahani, huyu mwenye miwani ya kamba ni yule ana ndevu upande mmoja tu?

Dada wa Kuze:
Upande wa kushoto, ndiye. Kulia ziliungua na moto wa kazi.

Ami wa Datsun:
Lahaula! Nimemjua. Huyo ndiye aliyemtengenezea mke wangu hereni za harusi ya binti yetu. Moja ndefu, moja fupi. Si kidogo, kipande cha kucha kizima. Tukamrudishia siku ile ile ya harusi, watu wameshakaa, akazining'iniza mbele ya uso wa mke wangu, akafumba jicho moja, akasema: "Mama, ukiinamisha kichwa kidogo zalingana."

UKIINAMISHA KICHWA.

Dada wa Kuze:
😂😂😂😂

Ami wa Datsun:
Wacheka wewe! Picha zote za harusi, zote, mke wangu amelaza shingo upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mashangazi wakamletea mafuta ya karafuu, ati amelalia vibaya. Na yule mzee nilimlipa! UKIINAMISHA KICHWA, anamwambia mama mzima wa harusi!