Meza ya vifaa imejaa, rafu ya vitabu haina mtu. Nifanyeje?

Mwalimu_Maktaba
Habarini wadau. Mimi ni mwalimu, na ndiye ninayesimamia maktaba ya shule yetu. Muhula huu tumepata micro:bit 12, vile vibao vidogo vya kompyuta vya kujifunzia kuprogramu, nikaziwekea meza karibu na dirisha. Kila mapumziko inajaa. Nafurahi, ila kuna jambo linaniuma: wanaowahi ndio wanaoshika, wengine wanachungulia mabegani mwao, na hakuna anayegeuka kuchukua kitabu, wakati rafu ya sayansi iko hatua mbili nyuma yao. Wenzangu wanasema nivihamishie chumba cha kompyuta, maktaba irudie utulivu wake. Sitaki. Nishaurini.

Mkutubi_wa_Siku_Nyingi
Mwalimu, usivihamishe. Chumba cha kompyuta mtoto huingia kwa kipindi, maktaba huingia kwa hiari yake. Hiyo hiari ni mali.

Mimi nilirudi nyuma, nikaanza na kitu kidogo zaidi: taa moja ya LED, betri bapa ya volti 3 ile iliyo kama kifungo, na karatasi ngumu yenye utepe wa shaba. Maelekezo sikuweka. Niliweka kadi yenye swali, "Mbona taa yako haiwaki?", na chini yake namba 537, ambako kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, ndiko kwenye vitabu vya umeme. Binti mmoja alibana taa yake mara tatu, giza. Akabadilisha betri, giza. Akaenda rafuni, akarudi na kitabu amekibana kwapani kwa sababu karatasi yake hakutaka kuiachia. Akasoma kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio wa chanya. Akaigeuza, ikawaka. Hakushangilia. Aliinama tena kwenye ukurasa uleule, akausoma hadi mwisho.

Tangu siku hiyo sipangi vitabu mezani. Naacha kazi ikwame kwanza.

Na hizo micro:bit zipe kazi ya maktaba yenyewe. Taa zake 25 zinaweza pia kupima mwanga, kwa namba kuanzia 0 hadi 255. Wangu walipima rafu moja moja wajue ni ipi inachomwa na jua, maana jua hupausha majalada. Tulihamisha rafu mbili kwa sababu ya vipimo vyao.

Betri za kifungo zihesabu kila jioni na uzifungie. Mtoto akimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Hapo sina mzaha.

Msoma_Saketi
Kwa hao wanaochungulia: wakae wawili wawili, mmoja ashike, mwingine asome na kuelekeza, wabadilishane kila dakika 10. Halafu azimisha vifaa kama unavyoazimisha vitabu: mfuko mmoja, kadi ya vilivyomo, mnahesabu pamoja akichukua na akirudisha. Mtoto mwenye haya hujaribu vizuri zaidi akiwa peke yake.

Mtandao ukisumbua, Scratch, ile programu ya kuwafundisha watoto kuprogramu, ina toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila intaneti.

Mwalimu_Maktaba
Asanteni sana. Mkutubi, dirisha langu linapigwa na jua mchana kutwa, na rafu ya hadithi iko palepale. Jumatatu tunaanza kuipima hiyo.