LL.B na kazi za sera: Law School, Bunge, asasi au uzamili moja kwa moja?

Kibao_cha_Ismani (mleta mada)

Habari za humu wakuu. Namaliza LL.B (shahada ya kwanza ya sheria) mwaka huu hapa Tanzania. Mahakamani roho yangu haipo. Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikaa miezi mahakama fulani ya wilaya nikisikiliza "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine", nikajua kabisa hayo si maisha yangu. Kinachonivuta ni kule nyuma, kabla sheria haijawa sheria: nani aliamua iwe hivi, na kwa nini kifungu kimekaa upande wa huyu na si wa yule.

Nimebakiwa na njia nne kichwani. Kwanza Law School (mafunzo ya vitendo ya sheria baada ya shahada) halafu serikalini. Pili Ofisi ya Bunge. Tatu asasi za kiraia. Nne uzamili wa sera za umma moja kwa moja, hata nje. Baba anataka niwe wakili kwanza, "mengine utafanya ukiwa na muhuri wako". Waliopita huko, naomba mnilinganishie bila kunionea huruma.

Afisa_Kimya

Mleta mada, nipo wizarani, kwa hiyo nianze na jambo ambalo chuoni hawakuambii. Sera za wizara zinaandaliwa Idara ya Sera na Mipango. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya idara hiyo: Mchumi, Afisa Mipango, Mtakwimu. LL.B haimo. Ukiomba unachujwa kabla mtu hajasoma jina lako.

Mwanasheria anaingia kwa mlango mwingine, Kitengo cha Huduma za Sheria, kama Afisa Sheria Daraja la II. Na pale sifa inasema shahada ya sheria pamoja na mafunzo ya vitendo ya Law School. Kwa hiyo ushauri wa baba yako ni sahihi hata kama sababu zake ni nyingine. Ukitaka serikali, Law School haikwepeki.

Sasa ukishaingia: idara yenye hoja inaandika waraka, unapanda Kamati Maalumu ya Makatibu Wakuu, unakwenda Baraza la Mawaziri. Ukikubaliwa ndipo maelekezo yanakwenda kwa waandishi wa sheria wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu watengeneze muswada. Wanasheria wengi wa wizara wanaitwa dakika za mwisho, jambo limeshaamuliwa, wanaambiwa "wekeni lugha ya kisheria". Wachache wanaitwa tangu rasimu ya kwanza ya waraka. Niliowaona wakiitwa mapema ni wale wanaoweza kusoma kiambatisho cha gharama na kusema mbele ya wachumi kwamba hesabu hii haiendani na mamlaka ambayo sheria inampa waziri.

Nshomile_wa_Ubungo

Mkuu Afisa_Kimya unampeleka kijana machinjioni. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya Law School: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye mitihani ya marudio 342, waliokatwa 265. Mpaka Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza. Mtu asiyetaka hata kuvaa joho unamwambia akapambane na hapo?

Aende asasi. Rebeca Gyumi alisoma sheria Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), akaanzisha Msichana Initiative, akaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vya umri wa kuoa na kuolewa. Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamwachia ushindi wake. Kuna sera gani imetikisa nchi hii zaidi ya hiyo kutoka kwa kijana mmoja?

Mama_Hansadi

Nshomile mdogo wangu, malizia hadithi. Mahakama ilitoa mwaka mmoja umri wa kuoa na kuolewa urekebishwe uwe miaka 18 kwa wote. Mwaka ukaisha, kifungu kiko palepale. Nampa Rebeca heshima yake yote, lakini kijana ajue kwamba kati ya hukumu na kifungu kuna Bunge, na huko hakuna anayekusikiliza kwa sababu umeshinda kesi.

Nimekuwa nikipeleka maoni ya asasi kwenye kamati Dodoma kwa miaka sasa. Picha yenyewe iko hivi. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kamati ya kudumu inayohusika, wadau wanaitwa. Mnakaa ukumbini, zamu yako inafika, una dakika chache. Watu wanaanza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi tunaona muswada huu unakandamiza…" Mwenyekiti anakata: "Kifungu kipi, na unataka kisomekeje?" Hapo ndipo nusu ya wadau wanaishiwa maneno. Aliyekuja na jedwali lenye safu nne (kifungu, hoja, kinavyopendekezwa kisomeke, sababu) anasikilizwa. Wajumbe wanalichukua lile jedwali, na mara nyingine unayakuta maneno yako kwenye jedwali la marekebisho la serikali bila jina lako. Hiyo ndiyo furaha ya kazi hii, usitegemee nyingine.

Na kuna siku hata jedwali halikusaidii. Juni 2019 marekebisho ya sheria mbalimbali, yakiwemo ya Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali, yalikuja kwa hati ya dharura, yaani yapitishwe haraka kuliko kawaida. Ukiwa hujausoma muswada usiku uleule, umechelewa.

Kuhusu ajira ndani ya Ofisi ya Bunge: kuna wanasheria wa Bunge na makatibu wa kamati. Nafasi ni chache na zinatoka kwa nadra. Ukipata, omba wakupangie Kamati ya Sheria Ndogo. Watu wanaidharau, lakini huko ndiko kanuni na sheria ndogo zinapimwa kama hazijavuka mamlaka ya sheria mama. Mwananchi wa kawaida anakutana na ushuru wa halmashauri kabla hajakutana na Katiba.

Kibao_cha_Ismani

Asante mama, hiyo ya "kisomekeje" nimeiandika. Lakini asasi nazo, mikataba si ni ya mradi kwa mradi?

Mama_Hansadi

Ndiyo mwanangu, sikufichi. Mradi ukiisha na wewe umeisha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi walirudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Asasi inakufundisha haraka kuliko wizara, haikupi pensheni.

Nakuru_Mtulivu

Hamjambo ndugu zangu wa huko chini. Naandika kutoka Kenya, mnisamehe Kiswahili changu. Huku mlango mkubwa sasa ni kaunti. Tangu Katiba ya 2010 tuna mabunge 47 ya kaunti, na kila moja linatunga sheria zake, lina kamati, lina haja ya watu wa kuandika miswada. Wenzangu waliong'ang'ania Nairobi bado wanabeba mafaili ya mawakili wakubwa. Aliyekwenda bunge la kaunti ya mbali ameshaandika miswada ya masoko, ya maji, ya kodi ya ardhi.

Jambo la pili, kwetu kushirikisha umma ni amri ya Katiba, kifungu cha 118 kwa Bunge na 196 kwa kaunti. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima kwa kasoro za namna ilivyopitishwa, kisha Oktoba Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Haijalishi uko upande gani. Kila afisi ya serikali sasa inataka mtu anayejua kuthibitisha kwamba umma uliulizwa na majibu yakaandikwa. Kazi ya sera na kazi ya kesi kwetu zimeoana. Kwenu sijui kama ni hivyo.

Afisa_Kimya

Kwetu bado, ndugu wa Nakuru. Halmashauri zetu zinatunga sheria ndogo, lakini mwanasheria wa halmashauri unamkuta na kesi za ardhi mpaka shingoni. Nafasi ya kukaa na kufikiri sera hana.

Mchumi_Asiyelala

Mmesahau mamlaka za udhibiti: EWURA (nishati na maji), TCRA (mawasiliano), LATRA (usafiri wa ardhini), Tume ya Ushindani, na sasa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotokana na sheria ya 2022. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwanasheria anapofanya sera bila kuitwa mtu wa sera. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zinatokana na kanuni yenye fomula. Kubadilisha neno moja la fomula ile ni sera tosha. Na mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei, kuna mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya umma, watu wanasimama na ndoo zao, hoja zao lazima zijibiwe kwa maandishi. Nimefanya kazi na wanasheria pale. Wazuri wanauliza "gharama hii imeingiaje kwenye bei?" Wabovu wanauliza barua imeandikwa kwa nani.

Uzamili sizungumzii, nitaonekana nina wivu.

Erfurt_na_Baridi

Basi nizungumzie mimi. Nilisoma uzamili wa sera za umma Ujerumani, Willy Brandt School, kwa ufadhili wa Helmut Schmidt wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi. Wanakuanzishia kozi ya Kijerumani kabla ya masomo, ingawa darasani ni Kiingereza. Programu za namna hii zinaanza na uchumi na takwimu. Wanasheria tulikaa safu ya nyuma tukitazama grafu kama watu waliopotea kituo. Tulipofika kwenye "nani ana mamlaka ya kutekeleza hili, kwa sheria ipi, na nani anaweza kulipinga", wachumi wakaanza kutukopa madaftari.

Kwa mleta mada: usiende sasa. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Hata ufadhili usiodai hivyo, barua ya maombi inakuuliza tatizo gani la sera umelishughulikia. Mtu aliyetoka chuoni anajibu kwa insha. Aliyekaa mwaka mmoja na Mama_Hansadi anajibu kwa kifungu. Na usisahau vyuo vya nyumbani: Mzumbe wana uzamili wa utawala wa umma, na mle darasani unakaa na maofisa ambao kesho ndio watakaopokea barua zako. Mtandao huo Ulaya haukupi.

Babu_wa_Masijala

Vijana mnalinganisha milango, mimi niwape chumba chenyewe. Januari 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza matatizo ya ardhi, mwenyekiti Issa Shivji, profesa wa sheria wa Mlimani. Walizunguka nchi, wakasikiliza wanakijiji, Novemba 1992 wakakabidhi ripoti. Pendekezo zito: umiliki wa mwisho wa ardhi uondoke mikononi mwa Rais, ardhi ya kijiji iwe ya mkutano wa kijiji.

Serikali ikachukua mengine, hilo ikaliacha. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikasema ardhi ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Halafu muswada ukaandikwa na nani? Mwanasheria kutoka Uingereza, Patrick McAuslan. Mwaka 1999 zikapita Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zikaanza kutumika Mei 2001.

Tazameni: tume iliongozwa na mwanasheria, sera ikaandikwa na wizara, muswada ukaandikwa na mwanasheria mwingine. Huyu wa mwisho alifuata sera, hakufuata tume. Mjukuu wangu Kibao, kabla ya kuchagua Law School au Ulaya, sema unataka kukaa kiti kipi kati ya hivyo vitatu. Cha tume kina heshima na uhuru, lakini maneno yako yanaweza kubaki kabatini. Cha mwandishi wa muswada kina nguvu ambayo mtu hakuoni ukiitumia.

Nshomile_wa_Ubungo

Babu hapo umenifunga mdomo. Ila bado nasema Law School ni ghali kwa mtu asiyetaka mahakama.

Afisa_Kimya

Ghali ndiyo. Lakini huwezi kukaa kiti cha mwandishi wa sheria serikalini bila hiyo. Kiti cha Mama_Hansadi unaweza.

Kibao_cha_Ismani

Nimewasoma wote. Naona naelekea hivi: niombe Law School, nikingoja nafasi nijitolee asasi inayofuatilia Bunge, uzamili baadaye. Kiti ninachokitaka ni cha muswada. Swali la mwisho: kwa sasa nijifunze nini chuoni hawakunifundisha?

Mchumi_Asiyelala

Kitabu cha bajeti. Hasa soma ibara ya 99 ya Katiba uone jambo lipi la fedha Bunge haliwezi kulishughulikia mpaka lipendekezwe na Rais. Nimeona mapendekezo mazuri ya wadau yakifia hapo.

Mama_Hansadi

Na mimi nakupa zoezi. Tafuta muswada wowote uliosomwa mara ya kwanza karibuni. Anza mwisho, kwenye Madhumuni na Sababu, ndipo urudi vifungu uone kama vinafanya kinachodaiwa. Chagua vifungu vitatu tu, jaza safu zile nne, safu ya tatu iandike kwa Kiswahili cha sheria kama vile ndiyo inakwenda kuchapwa. Nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nitakurudishia na wino mwekundu, usinune.