Mifuko ya plastiki "inayooza": inaoza kweli au napigwa? (Kigoma)

Mwisho_wa_Reli: Wakuu, nauza dagaa hapa Kibirizi. Kuna jamaa analeta mifuko laini kama zile rambo za zamani, imeandikwa "INAOZA YENYEWE". Anadai haiguswi na katazo la Juni 2019. Inaoza kweli? Usingizi sipati.

Mama Migebuka: Ukose usingizi kwa mfuko wa mtu? Bibi yangu Ujiji alifungia samaki kwenye majani ya mgomba mpaka anazeeka. Siku hizi mteja anakuja mikono mitupu halafu ananuna.

Fundi Jalala: Inategemea imetengenezwa na nini. Ipo plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili ikatike haraka. Haiozi, inageuka chembechembe. Ulaya waliipiga marufuku 2021. Ipo ya wanga wa mahindi, lakini nyingi zinataka mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Shimo lako la taka halifiki huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walifukia mifuko ya aina hizi. Baada ya miaka 3 kuna iliyobeba bidhaa za dukani bila kuchanika.

Kijana wa Mwanga: Kanuni za 2019 zimekataza mifuko ya kubebea ya plastiki, unene wowote. Mleta mada, umeshanunua eeh?

Mwisho_wa_Reli: Katoni 6. Ziko chini ya kitanda.

Kijana wa Mwanga: Kwa hela yako?

Mwisho_wa_Reli: Ya kikoba. Mimi ndiye mweka hazina. Lakini faida ingekuwa ya wote, na risiti ina muhuri! Mmoja niliufukia nyuma ya choo masika yote. Juzi kuku wameufukua, una tope tu. Nimeusuuza, maandishi yanasomeka, hata hilo neno "INAOZA".

Mzee wa Fitina: Chai hii, tena haina sukari. Kama ulikuwa unaujaribu, katoni 6 za nini?

Mwisho_wa_Reli: Huo ulikuwa sampuli, mkuu. Nililipa kabla kuku hawajafukua. Bei ilikuwa inapanda.

Mama Migebuka: Mweka hazina wangeweka kuku.

Mwisho_wa_Reli: Kikao Jumamosi. Nikiwauzia wavuvi wa ng'ambo kimyakimya?

Fundi Jalala: Ziwa ni lilelile.

Mzee wa Fitina: Bado siamini. Ila katoni moja shilingi ngapi?