Sifa ya ubunge ni kujua kusoma na kuandika tu, kwanini Bunge halipandishi?

Kijana wa Kibaigwa

Salamu wakuu. Wanaojua sheria naomba mnieleweshe. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 67 inasema anayetaka ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama cha siasa na chama hicho kiwe kimempendekeza. Kuna mambo ya kutokuwa na hatia ya kukwepa kodi na mengine machache, basi, imeisha hiyo.

Sasa huyuhuyu ndiye anakaa Dodoma anapitisha bajeti ya matrilioni, anatakiwa asome ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) makabrasha na makabrasha, ahoji mikataba ya gesi. Mtendaji wa kijiji anaombwa cheti cha form four na mafunzo juu yake, dereva wa halmashauri naye anaombwa cheti, ila anayewatungia sheria wote hao haombwi hata cha darasa la saba. Mwaka 2024 zimepita sheria mpya za uchaguzi, nikajua hapo ndipo sharti hili la elimu litaguswa, wapi. Swali langu, kwanini halipandishwi? Na likipandishwa hadi digrii tutapata wabunge wazuri au tutakuwa tumewafungia nje wakulima na mama zetu wa sokoni?

Chaki Nyeupe

Mkuu swali zuri sana. Zile sheria za 2024 zisingeweza kugusa elimu ya mbunge kwasababu sifa yenyewe iko kwenye Katiba, na Katiba haibadilishwi kwa sheria ya kawaida, inataka theluthi mbili ya wabunge wote, ibara ya 98.

Ila wazo si geni. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilitaka mbunge awe na angalau kidato cha nne, na sio hilo tu, ilitaka pia mtu asikae bungeni zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano mitano na wananchi wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla muda haujaisha. Likaja Bunge Maalum la Katiba 2014, wabunge wote wa kawaida wakiwa ndani kama wajumbe, ukomo na ile haki ya kumwondoa mbunge vikafyekwa. Mimi nafundisha sekondari na naunga mkono form four, shule za kata zimejaa nchi nzima siku hizi hicho sio kiwango cha kumtesa mtu. Digrii hapana, tutakuwa tunachagua makaratasi.

mzawa_wa_geita

Mwalimu nakuheshimu lakini sikubaliani na wewe. Musukuma aliyechaguliwa mbunge huku kwetu Geita Vijijini hajawahi kuficha kwamba ni wa darasa la saba, na akisimama kuongelea pamba au wachimbaji wadogo anajua anachokisema kuliko wengi wenye PhD zao. Hao wenye digrii wamejaa mle ndani miaka yote na bado tunasikia "naunga mkono hoja mia kwa mia" hata muswada hawajaufungua. Mpiga kura ana akili zake, ukimuwekea sharti la cheti unamwambia hajui kuchagua.

Kisiki cha Mpingo

Wakuu naomba niseme kitu maana hili linaniuma miaka mingi. Mnabishana cheti wakati sharti zito kwenye ibara ya 67 ni lile ambalo mleta mada kalitaja akapita, KUWA MWANACHAMA NA KUPENDEKEZWA NA CHAMA. Hapo ndipo watu wanapokatwa. Mwenye digrii tatu na wa darasa la saba wote wanaishia mlango huohuo.

Angalieni hela tu. Serikali kwa miaka mingi imemtaka mgombea ubunge aweke dhamana ya elfu 50 na wadhamini 25 wapiga kura wa jimboni, hata mkulima anaweza kuchangiwa na ndugu zake akaipata. Ila fomu ya kuomba ubunge ndani ya CCM 2020 ilikuwa laki moja na 2025 ikapanda hadi laki tano, na ukilipa huna uhakika wa lolote, wajumbe wanapiga kura za maoni halafu vikao vya juu vinaweza kuchukua jina la pili au la tatu wakaliacha la kwanza. Mwananchi wa kawaida anakuja kuhusika Oktoba, majina yameshapikwa zamani. Na chama chenyewe kikifungiwa ndo basi tena, Aprili 2025 Chadema hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ikasema hawashiriki, maelfu ya watu wenye sifa zote za Katiba wakawa hawana pa kupitia.

Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliliona hili mapema. Alienda Mahakama Kuu Dodoma, mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, ruksa, ila serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni marekebisho ya Katiba na mwaka huohuo yakapita, mlango ukafungwa upya. Akarudi tena, 2006 Mahakama Kuu ikampa haki mara ya pili, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua sio mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha, Juni 2013 ikatamka wazi kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki uongozi wa nchi yake na ichukue hatua kurekebisha. Mtikila akafariki Oktoba 2015 kwa ajali, bado yako vilevile. Na 2019 serikali ikajitoa kwenye lile tamko linaloruhusu mtu binafsi kuipeleka moja kwa moja mahakama hiyo. Mtu kashinda kesi na kazikwa bila kugombea hata siku moja kama raia huru, halafu sisi tunagombana form four!

Pwani Si Kenya Lakini

Nawasalimu majirani, niko Kilifi. Hii ya digrii sisi tumeipitia. Sheria ya uchaguzi ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 22 kuhusu masomo, wabunge wenyewe wakawa wanakisukuma mbele kila uchaguzi ukikaribia, wakaja wakasema sawa kuanzia 2022 kila mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) lazima awe na digrii. Watu wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikafuta ya MCA 2021 na ya wabunge Aprili 2022, ikaonekana ni kuwabagua wananchi wengi. Imebaki kwa rais na gavana. Na huko kwa gavana mliona 2022 ya Nairobi, badala ya maji na takataka kampeni nzima ni digrii ya mgombea Sakaja kutoka Uganda, kamati ya tume yetu ya uchaguzi IEBC, korti, mwishowe akagombea akashinda.

Lakini mgombea huru kwetu yupo. Ukitaka ubunge unaleta wapiga kura elfu moja waliosajiliwa jimboni wakuunge mkono na usiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wanaoshinda hivyo si wengi, pesa bado ni shida, ila ukichezewa kwenye mchujo wa chama bado unaweza kwenda kwa wananchi moja kwa moja.

Kijana wa Kibaigwa

Aisee Kisiki umenifungua, nilikuwa sijui hii ya Mtikila ilifika hadi Arusha. Sasa kwanini wabunge wasiungane wabadilishe, si na wao wanateswa na vyama vyao?

Kisiki cha Mpingo

Soma ibara ya 71 mkuu. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka anapoteza kiti. Mbunge anayepeleka hoja ya mgombea binafsi chama kikiwa hakitaki anajua kinachomsubiri. Na wa viti maalum vya wanawake ndio kabisa, walikuwa 113 baada ya 2020, hao hawana jimbo, orodha inatengenezwa na chama.

Cha kufanya, muswada wowote wa kubadilisha Katiba ukisomwa mara ya kwanza unapelekwa kamati ya Utawala, Katiba na Sheria na kamati inapokea maoni, Januari 2024 walipokea Dodoma kwenye ile miswada ya uchaguzi na vyama na asasi zilienda. Matokeo mnayajua, mengi hayakuchukuliwa, ila lile la mgombea pekee kupita bila kupingwa lilipigiwa sana kelele na sheria mpya inataka apigiwe kura. Sasa mwalimu na wewe Geita badala ya kuvutana hapa andikeni ukurasa mmoja kuhusu ibara ya 67 mpelekeeni mbunge wenu, mumuulize kwa maandishi, hukumu ya Juni 2013 anaionaje na yuko tayari kuisemea bungeni au hapana.